Jumbo Iliyoshindwa Kupanda: Nairobi, 20 Novemba 1974

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea kuhusu safari za nyumbani: bei za tiketi mwezi wa Agosti, masanduku yanayozidi kilo, na shangazi anayekupigia usiku wa mwisho kukuomba umbebee sufuria. Dakika za mwisho msikilizaji mmoja akatuma swali: je, ndege kubwa imewahi kuanguka Nairobi? Muda ulikuwa umekwisha. Jibu ni ndiyo, imewahi, na kisa chenyewe ni kirefu, kwa hiyo nimeamua kukiandika hapa badala ya kukipitia mbio mbio hewani.

Kwanza niseme kidogo kuhusu tulipo. Mimi naishi Thornton Heath, na kutoka kwetu hadi Purley Way si mbali. Pale barabarani bado limesimama jengo jeupe la uwanja wa zamani wa Croydon, ambao kabla ya Vita vya Pili ndio uliokuwa uwanja mkuu wa London. Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya kwanza ya Imperial Airways katika njia yake mpya ya Afrika iliondoka hapo ikiwa na barua, na mwisho wa njia hiyo ulikuwa Mwanza. Ndiyo, Mwanza yetu ya Ziwa Victoria. Safari ilikuwa ya vipande vipande, unashuka hapa unapanda pale, siku baada ya siku. Kwa hiyo mtu akikuambia Croydon haina historia zaidi ya tramu na foleni ya Lunar House, mwonyeshe lile jengo. Ndege za kwenda kwetu zilianzia mtaa wa jirani.

Sasa twende Nairobi.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, enzi za ukoloni, na sehemu kubwa ya kazi ngumu ya kuujenga ilifanywa na wafungwa wa Mau Mau waliokuwa wamewekwa kizuizini. Hilo lingetosha kuwa makala yake peke yake, na siku moja nitaiandika. Kwa leo kumbuka jambo moja: uwanja uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ukishuka Nairobi ukitoka London unaona kibaridi cha asubuhi na unashangaa, mbona hii ni Afrika? Ni ile miinuko. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar. Kwa mwanariadha hilo ni jambo zuri. Kwa ndege nzito inayotaka kuruka, ni shida. Injini zinapata hewa kidogo zaidi ya kufanyia kazi, na mabawa yanapata hewa kidogo zaidi ya kulalia.

Jumatano, tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa yenye usajili D-ABYB ilikuwa Embakasi ikijiandaa kwa kipande cha mwisho cha safari. Ilikuwa imetoka Frankfurt na inakwenda Johannesburg. Ilipewa jina la Hessen, jimbo mojawapo la Ujerumani, na safari yake ilikuwa namba 540. Ndani walikuwamo watu 157: abiria 140 na wafanyakazi 17. Rubani mkuu aliitwa Christian Krack. Kabla ya saa mbili asubuhi wakaanza kukimbia kwenye barabara ya kurukia.

Ndege ilikimbia, pua ikainuka, magurudumu yakaachana na lami. Hapo hapo marubani wakahisi mtetemo ambao si wa kawaida. Ndege nzima inatikisika. Rubani mkuu akaendelea na safari ya kupanda, akakunja magurudumu kama kawaida. Lakini ndege haikupanda. Ilielea kidogo tu juu ya nyasi, kisha ikaanza kushuka, na kifaa cha kuonya kwamba mabawa yanakaribia kuacha kubeba kikaanza kufanya kazi. Mita kama 1,120 kupita mwisho wa barabara ya kurukia ikagusa vichaka na nyasi, ikagonga tuta la barabara ndogo iliyoinuka, ikavunjika vipande. Bawa la kushoto likalipuka na moto ukaenea mwilini mwa ndege.

Watu 59 wakafa: abiria 55 na wafanyakazi 4. Watu 98 wakatoka hai. Marubani wote wawili na injinia wao walipona, jambo ambalo lina uzito katika yanayofuata, kwa sababu walibaki wa kuulizwa. Hii ilikuwa ajali ya kwanza ya kuua abiria kwa ndege za aina ya 747, karibu miaka mitano baada ya jumbo ya kwanza kuanza kubeba abiria Januari 1970. Dunia ilikuwa imeanza kuamini kwamba mnyama huyu mkubwa haanguki.

Nilipokuwa najiandaa kuandika nilimpitia mjomba wangu, anayekaa karibu na London Road. Ni mtu wa Mombasa, lakini mwaka ule alikuwa anasoma Nairobi. Shikamoo, marahaba, chai ikaja. Nikamuuliza kama anaikumbuka ndege ya Wajerumani. Akasema anakumbuka vizuri, shuleni hawakuongea jambo jingine wiki nzima. Ilikuwaje, mjomba? Akanijibu: "Jamaa alisahau kufungua swichi. Uzembe tu, mwanangu." Akanywa chai kidogo, akaongeza: "Lakini ndiyo hivyo, ajali haina kinga."

Nimeyatafakari sana hayo majibu mawili. Yote mawili utayasikia kwa wazee wetu, iwe ni ndege, basi la usiku au feri. Moja linasema kosa ni la mtu fulani, mzembe. La pili linasema hakuna ambaye angeweza kuzuia. Ukiyaangalia hayapatani: kama ni uzembe, basi kulikuwa na kinga na mtu hakuitumia. Lakini yanafanana kwa kitu kimoja, yote yanafunga mazungumzo. Ukishasema "mzembe" huna haja ya kuuliza zaidi, na ukishasema "haina kinga" huna haja ya kuuliza kabisa.

Kilichonivutia kwenye kisa cha Nairobi ni kwamba kuna watu hawakukubali kufunga mazungumzo. Na walikuwa watu wa kwetu, au tuseme taasisi ya kwetu. Kwa sababu mwaka 1974 uchunguzi wa ajali za ndege Kenya, Tanzania na Uganda ulikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, iliyokuwa na makao yake Arusha. Jumuiya hiyo ndiyo iliyochunguza jumbo ya Wajerumani iliyotengenezwa na Wamarekani.

Ili kuelewa walichokikuta, lazima tuelewe bawa. Hebu vuta subira, nitakwenda taratibu.

Siku ukisafiri, omba kiti cha dirishani nyuma kidogo ya bawa. Kabla ndege haijaruka utasikia mlio kama mashine ya kusagia iko chini ya miguu yako, na utaona bawa linajifungua. Nyuma ya bawa zinateremka sehemu kubwa kama majani ya mgomba. Hizo ni flapu za nyuma, karibu kila abiria anaziona. Lakini na ukingo wa mbele wa bawa nao unafunguka, sehemu zinatokeza mbele na kuinama chini. Hizo ni flapu za mbele. Kazi ya zote ni moja: kulifanya bawa liwe kubwa na lililopinda zaidi, ili liweze kubeba mzigo ndege ikiwa bado inakwenda polepole. Ndege ikishapata mwendo, zinakunjwa.

Flapu za mbele zina kazi yake ya pekee. Ukitoa mkono nje ya dirisha la gari na kuulaza, upepo unaupita. Ukiinua vidole kidogo, mkono unapanda wenyewe. Ukizidisha kuinua, ghafla mkono haupandi tena, unasukumwa nyuma tu na kutetemeka. Bawa ni hivyo hivyo. Kuna kiwango cha kuinua pua ambacho ukikizidi, hewa inaachana na mgongo wa bawa na bawa linaacha kubeba. Flapu za mbele zinasogeza kiwango hicho mbali zaidi. Bila hizo, kiwango kiko karibu sana, na pua ile ile unayoinua kila siku bila wasiwasi inakuwa imezidi.

Kwenye 747, flapu za nyuma zinaendeshwa na mafuta yenye shinikizo. Flapu za mbele zinaendeshwa na hewa yenye shinikizo inayochotwa kutoka kwenye injini. Hewa hiyo inapita kwenye vali. Vali zikiwa zimefungwa, rubani anaweza kuvuta mkono wa flapu vizuri kabisa, flapu za nyuma zikafunguka, na zile za mbele zikakaa kimya mahali pake.

Ndicho kilichotokea Embakasi. Vali za hewa hazikufunguliwa. Nyuma ya bawa kila kitu kilikuwa sawa, mbele ya bawa hakuna kilichotoka. Kazi ya kufungua vali ilikuwa ya injinia wa ndege, mtu wa tatu aliyekaa nyuma ya marubani akitazama ukuta wa saa na swichi. Siku hizi nafasi hiyo haipo tena kwenye ndege mpya, kompyuta imeichukua. Orodha ya ukaguzi, ile wanayosomeana kabla ya kuruka, ilitakiwa kulinasa kosa hilo. Haikulinasa.

Kwa hiyo mjomba alikuwa na haki? Kwa kiasi, ndiyo. Ripoti haikumficha mtu. Ilisema chanzo ni kwamba wafanyakazi walianza kuruka flapu za mbele zikiwa zimekunjwa, kwa sababu mfumo wa hewa unaoziendesha haukuwa umewashwa, na kwamba ndege iliingia hewani ikiwa tayari nusu imeacha kubebwa na mabawa yake, hali ambayo marubani hawakuweza kuitambua katika muda mfupi waliokuwa nao. Lakini ripoti haikuishia hapo. Ilitaja mambo mawili makubwa yaliyochangia. Moja ni hilo la orodha kutokukamilishwa ipasavyo. Na jingine, ambalo ripoti ilianza nalo, ni kwamba ndege haikuwa na onyo la kuwaambia kuwa flapu za mbele haziko mahali pake.

Fikiria hilo jambo. Ndege hii ilikuwa na king'ora cha kupiga kelele kama unataka kuruka huku flapu za nyuma hazijafunguka. Kwa zile za mbele kukosa hewa, hakikulia. Unaongeza nguvu injini nne, watu 157 nyuma yako, na mashine inanyamaza kimya kama vile kila kitu kiko sawa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya Nairobi kulikuwa na taarifa za marubani wengine wa 747 waliokutana na tatizo hilo hilo, wakahisi ndege inatikisika, wakafanikiwa kuiokoa. Kwa hiyo mtego ulikuwa unajulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba, kama watu tofauti wanakosea kosa lile lile, basi tatizo si tabia ya hao watu peke yake.

Hapa ndipo yale mambo ya miinuko yanaporudi. Karibu na ardhi, ndege hupata msaada mdogo: hewa inabanwa kati ya bawa na ardhi na kuipa nguvu ya ziada. Ndiyo maana jumbo ile iliweza kuachana na lami. Ilikuwa imebebwa na ule mto wa hewa. Kupanda juu ya mto huo ndiko kulikoshindikana. Kwenye uwanja wa pwani, hewa nzito na injini zenye nguvu kamili huenda vingewapa nafasi kidogo ya kushusha pua, kuongeza mwendo na kujiokoa. Embakasi haikuwapa nafasi hiyo. Kosa ambalo mahali pengine lingekuwa hadithi ya kutisha ya kusimuliana chakulani, pale juu likaua watu 59.

Sisi wa London tuna msiba wetu unaofanana na huo, na ulitangulia. Tarehe 18 Juni 1972 ndege ya BEA aina ya Trident, safari namba 548, iliondoka Heathrow kwenda Brussels. Dakika mbili na nusu hivi baadaye ikaanguka karibu na mji wa Staines, na watu wote 118 wakafa. Pale flapu za mbele zilikuwa zimefunguka vizuri tu. Ila mtu mmoja chumbani mwa marubani alizikunja mapema mno, ndege ikiwa bado na mwendo mdogo, na wengine hawakugundua kwa wakati. Rubani mkuu, Stanley Key, alikuwa na ugonjwa wa moyo uliokuwa haujulikani, na saa moja na kitu kabla ya safari alikuwa amegombana vikali na mwenzake kazini kuhusu mgomo. Yote hayo yalichunguzwa. Hadi Lockerbie mwaka 1988, hakukuwa na ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi katika ardhi ya Uingereza. Leo ukipita kule kwa gari kuelekea Heathrow kumpokea mgeni, unapita jirani na pale.

Nimeiweka Staines hapa kwa sababu watu wetu wana ka-tabia, tusidanganyane, ka kudhani ajali za Afrika zina sababu za Kiafrika. Nairobi? Eh, si unajua Nairobi. Lakini hakuna kitu cha Nairobi kilichoiangusha Hessen zaidi ya hewa yake nyepesi. Wafanyakazi walikuwa Wajerumani, wa shirika lenye sifa, ndani ya ndege bora ya wakati huo. Na Staines ni Uingereza, mchana kweupe wa Jumapili. Flapu ya mbele haiulizi pasipoti.

Baada ya Nairobi, Boeing iliongeza mifumo ya kuwaonya marubani kama vali za hewa hazijafunguliwa kabla ya kuruka. Maneno machache, lakini yafikirie kwa upana: kwa miaka iliyofuata, kila 747 iliyoondoka Heathrow, Jeddah, Tokyo au Bombay ilikuwa na onyo lililolipiwa na watu 59 waliofia kwenye nyasi za Embakasi. Ninaposema ajali ina kinga, ndicho ninachomaanisha. Kinga iliwekwa, baada ya kuchelewa.

Na ilipofika zamu ya bawa lenyewe kukosea, hapo ndipo penye kisa kingine ambacho hakijulikani sana kwa watu wetu, ingawa abiria wake walikuwa wanakuja huku huku London.

Tarehe 11 Mei 2009 jumbo ya British Airways, safari namba 56, ilikuwa inaondoka Johannesburg kuja Heathrow. Ilikuwa 747-400, toleo jipya zaidi lisilo na injinia wa ndege. Abiria 265, wafanyakazi 18. Johannesburg nayo ni kama Nairobi, iko juu, mita karibu 1,700. Ndege inakimbia kwa kasi, flapu za nyuma sawa, za mbele sawa, orodha imesomwa yote. Kisha zikawaka taa zinazosema kwamba mitambo ya kurudisha nyuma nguvu za injini, ile inayotumika kufunga breki wakati wa kutua, haijafungwa sawasawa. Haikuwa kweli hasa, ni dalili ya uongo. Lakini kompyuta iliamini. Na kompyuta ilikuwa imefundishwa kwamba mitambo hiyo ikifunguka, maana yake ndege imetua, kwa hiyo zikunje flapu za mbele zilizo karibu na injini zisipigwe na ule upepo unaorudishwa. Basi ikazikunja. Ndege ndiyo kwanza inainua pua.

Ona hapo kejeli. Nairobi mashine ilinyamaza pale ilipotakiwa kusema. Johannesburg mashine ilitenda pale ilipotakiwa kunyamaza.

Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa anarusha. Usukani ukaanza kumtetemekea mikononi, hiyo ndiyo lugha ya ndege ya kusema bawa linakaribia kuacha kubeba. Mwili wako wote unataka kuvuta pua juu, kwa sababu ardhi iko hapo chini. Yeye akafanya kinyume: akaiachia pua ishuke kidogo, akaishikilia ndege pale pale ukingoni, inapanda taratibu sana lakini inapanda, huku rubani mkuu akimsomea urefu kutoka ardhini. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake usukani. Chini ya nusu dakika baadaye flapu zikaanza kufunguka tena zenyewe, kwa sababu magurudumu yalikuwa yamekunjwa na kompyuta ikaelewa kwamba kumbe tuko hewani. Wakapanda, wakamwaga mafuta kupunguza uzito, wakarudi kutua. Watu 283 wakashuka kwa miguu yao. Baadaye mpangilio wa mfumo ule ukabadilishwa.

Mtu anaweza kusema: si unaona, marubani hodari waliokoa, basi wale wa Nairobi hawakuwa hodari. Mimi sikubali. Wale wa Johannesburg walipata onyo la wazi, walikosa sehemu tu ya flapu za mbele, na baada ya sekunde chache bawa likawarudia. Wale wa Nairobi walikosa flapu za mbele zote tangu mwanzo, na bawa lao lisingewarudia hata wangefanya nini, maana hewa ya kulifungua ilikuwa imefungiwa. Waliona mtetemo tu, ndege ikiwa mita chache kutoka ardhini, na muda wao ulihesabiwa kwa sekunde. Ustadi ulikuwepo Johannesburg, tena mkubwa, siupunguzi. Lakini ustadi unahitaji kitu cha kushika.

Swali la uzembe lilipelekwa mpaka mahakamani. Lufthansa ilimfukuza kazi rubani mkuu na injinia wa ndege muda mfupi baada ya ajali, na uamuzi huo ukabatilishwa baadaye. Injinia alishtakiwa Ujerumani kwa uzembe uliosababisha vifo. Sijaandika jina lake hapa kwa makusudi, kwa sababu jina lake ndilo ambalo kila mtu analitafuta kwanza. Kesi ilikwenda miaka. Mwaka 1981 akaachiliwa huru.

Kufikia wakati huo uwanja wa Embakasi ulikuwa umeshapata jengo jipya na jina la Jomo Kenyatta. East African Airways haikuwepo tena, Kenya na Tanzania kila mmoja alikuwa na shirika lake. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeiandikia Boeing kwamba ndege yake inanyamaza, ilikuwa imekufa tangu 1977.